Mtoto Halali Usiku: Kampala Umpeleke kwa Nani?

Mtoto akipata homa Kampala, mzazi anajua pa kwenda. Akiharisha anajua, akivunjika mkono boda boda yoyote itamfikisha hospitali ya Mulago. Lakini mtoto wa miaka miwili ambaye huu ni mwezi wa tatu anaamka mara nne kila usiku, hana homa, hana kikohozi, mchana anakula na kucheza, huyo apelekwe kwa nani? Vituo vya afya vya serikali vya Kisenyi, Kawaala, Kitebi au Kiswa vinapokea wajawazito, vinatoa chanjo, vinapima malaria. Dirisha la usingizi halipo. Basi mzazi anaanza kuzunguka: duka la dawa, kwa jjajja (yaani bibi), kwa fundi wa fizi, kwa mchungaji, kwenye simu. Kila anakofika anapewa jibu, na jibu hilo hufuata biashara au imani ya anayelitoa. Anachokosa ni mtu wa kumketisha na kumuuliza: huyu mtoto analala wapi, analala na nani, anashikwa na usingizi saa ngapi, na akiamka anafanya nini?

Nasema hivi kwa sababu msaada wa maana kwa mtoto asiyelala upo Kampala, na sehemu kubwa yake si ya gharama. Umefunikwa na haraka ya kutibu.

Duka la dawa ndilo la kwanza kwa kuwa liko karibu na halina foleni. Mama anasimama mbele ya wavu wa kaunta, mtoto yuko mgongoni.

"Musawo, mtoto halali."

"Ana homa, nnyabo?"

"Hapana. Anaamka tu, analia."

Musawo (Kampala kila anayetoa dawa huitwa musawo, awe daktari au muuzaji) anageukia rafu na kushusha chupa ya dawa ya mafua. Anaandika kwa kalamu juu ya boksi: kijiko kimoja usiku. Mama analipa, anaondoka. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Mama ameomba usingizi na ameuziwa kitu kinacholeta usingizi, maana Piriton, Phenergan na ndugu zao zote za kale za kuzuia mzio humlevya mtu, na ulevi huo ni athari ya pembeni ya dawa iliyotengenezwa kwa kazi nyingine.

Tabu ni kwamba hata hiyo athari haitegemeki. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la diphenhydramine kwa watoto wa miezi 6 hadi 15 wanaosumbua usiku. Nusu walipewa dawa, nusu kimiminika kisicho na dawa yoyote. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa haikuwa ikifanya lolote zaidi ya kile kimiminika. Kuna watoto ambao dawa hizi huwachangamsha badala ya kuwalaza, wakakesha wakirukaruka. Na kuna hatari yenyewe: tangu katikati ya miaka ya 2000, mamlaka ya dawa ya Marekani imekataza promethazine, yaani hiyo Phenergan, kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kudumaza pumzi hadi mtoto akafa. Mwaka 2022 nchini Gambia makumi ya watoto walikufa kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochafuliwa kwa kemikali. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa tangu 1993 na inafanya ukaguzi, lakini hakuna mkaguzi anayesimama pale kaunta usiku mama anapoomba kitu cha kumlaza mtoto. Hukumu yangu hapa haina mashaka: dawa ya mafua kwa mtoto asiye na mafua ni msaada mbaya, na ndio unaopatikana kwa urahisi kuliko mingine yote.

Jjajja ana njia nyingine. Katika nyumba nyingi za Kiganda mtoto mchanga huogeshwa ekyogero, maji ya majani yaliyochemshwa na kutiwa katika beseni, ndani yake mna ebbombo, olweeza na mengine kila ukoo unavyojua. Kuoga kwenyewe hakuna ubaya, mradi mtoto asinyweshwe na maji yabadilishwe. Naweza hata kukitetea: maji ya uvuguvugu, mikono ya mtu mzima isiyo na haraka, saa ile ile kila jioni. Madaktari wa usingizi wanawashauri wazazi wa Ulaya jambo hilohilo, bila majani.

Ila ekyogero, kama gripe water inayouzwa madukani, ina bahati ya kupewa sifa isiyo yake. Kilio cha tumbo cha watoto wachanga huanza wiki za kwanza, hufikia kilele mtoto akiwa na wiki sita hivi, kisha hupungua chenyewe kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Chochote utakachompa mtoto katika mwezi wa tatu kitaonekana kimemponya. Jirani ataambiwa, naye atamwambia jirani yake. Ndivyo tiba nyingi za usingizi zinavyojipatia jina: zinamkuta mtoto akielekea kupona.

Kuna mahali ambapo bahati hiyo inakuwa balaa. Mtoto wa miezi mitano au sita anayeharisha, ana joto na halali usiku anaweza kupelekwa kwa mtu anayedai kuona "ebiino", yaani meno ya uongo, chini ya fizi. Watanzania wanayajua kwa jina la meno ya nailoni. Kinachoonekana ni uvimbe wa kawaida wa chonge za utotoni ambazo hazijatoka. Fundi hupasua fizi, mara nyingine kwa spoki ya baiskeli, na kung'oa mbegu laini ya jino. Daktari wa meno Mdenmaki Jens Pindborg aliandika juu ya desturi hii nchini Uganda mwaka 1969, na bado madaktari wa Mulago wanapokea watoto waliopoteza damu, waliopata maambukizi, au waliokua bila chonge. Ndugu yake ni kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa usiku. Katika hayo mawili hakuna la kujadiliana. Mtoto asiyelala asiguswe kwa chuma.

Mchungaji naye huitwa kwa tatizo mahususi, na hili linahitaji kuelezwa taratibu kwa sababu linatisha kweli. Mtoto wa miaka minne amelala vizuri saa mbili. Saa tatu na nusu anaketi ghafla, macho wazi, anapiga kelele, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Mama anamshika, naye anamsukuma. Anamwita kwa jina, haitiki. Anatazama ukutani kana kwamba kuna mtu. Dakika kumi baadaye analala, na asubuhi hana habari ya chochote. Wiki mbili za namna hii katika chumba kimoja, majirani wakisikia kila kitu, na mtaa mzima utakuwa umeshaamua kuwa ni mizimu au kuna mtu amemtupia jicho.

Hiyo ni hofu ya usiku. Hutokea katika saa za mwanzo za usingizi, wakati usingizi ni mzito kabisa, sehemu moja ya ubongo ikijaribu kuamka huku nyingine ikibaki imelala. Mtoto hatazami kitu, haumwi, na kumtikisa ili aamke humzidishia. Ndoto mbaya ni jambo jingine: huja zaidi kuelekea alfajiri, mtoto huamka kabisa, humkimbilia mama, na huweza kusimulia alichokiota. Hofu ya usiku hupatikana zaidi kwa mtoto aliyechoka mno, mwenye homa, au aliyeacha usingizi wa mchana mapema kuliko mwili wake ulivyotaka. Tiba yake ni kumlaza mapema zaidi, kuondoa vitu vya kumuumiza karibu na kitanda, na kungoja. Ikiwa huja saa ile ile kila usiku, mzazi anaweza kumgusa mtoto aamke kidogo, robo saa au nusu saa kabla, kisha amwache alale tena. Baada ya wiki kadhaa mara nyingi mzunguko hukatika. Maombi hayamdhuru mtoto huyu. Kinachomdhuru ni kufungishwa kula, kupelekwa makesha hadi alfajiri, na kuambiwa mbele ya watu kwamba kuna kitu ndani yake.

Kabla ya kwenda kokote, hata hivyo, kuna swali la kama tatizo lipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa saa za kulala kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo: saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja na miwili, saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne. Hizo ni jumla. Mwongozo haukusema mtoto alale bila kuamka, na hapo ndipo wazazi wengi wa tabaka la kati la Ntinda au Naalya wanapojipa wasiwasi bure, baada ya kusoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nyumba yenye chumba cha mtoto na kamera ukutani.

Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, wakifuatilia watoto wachanga. Watoto hao walilala na mama zao, wakaamka usiku kunyonya kwa muda mfupi, wakalala tena, miezi mingi baada ya watoto wa Marekani kutarajiwa kulala usiku kucha. Hakuna aliyeita hali hiyo ugonjwa, kwa sababu mama hakuhitaji kusimama wala kuwasha taa, na asubuhi hakuwa na taksi ya kuwahi. Utafiti mkubwa unaotajwa sana siku hizi, ule wa Jodi Mindell na wenzake wa mwaka 2010, ulikusanya habari za watoto 29,287 kutoka nchi na maeneo 17. Uliwakuta wa New Zealand wakilala karibu saa moja na nusu jioni na wa Hong Kong baada ya saa nne usiku. Afrika haimo hata kwa nchi moja. Jedwali linaloning'inizwa kama kipimo cha dunia limepimwa bila sisi.

Ajabu ni kwamba Kampala yenyewe imechangia katika elimu hii zaidi ya inavyojua. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika hapa kumfuata mumewe aliyepata kazi, akapata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Alitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na jiji, akianza na swali la kuachishwa ziwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati huo. Kitabu chake juu ya utoto nchini Uganda kilitoka mwaka 1967, na nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi inayofundishwa leo duniani imesimama kwa sehemu juu ya vibaraza vya familia hizo. Aliona kwamba watoto ambao mama zao waliwaelewa na kuwaitikia upesi ndio waliolia kidogo na kuthubutu kutambaa mbali na mama. Bibi wa Kampala anayeambiwa na mkwewe msomi kwamba kumbeba mtoto anayelia ni kumdekeza ana utafiti upande wake, tena uliofanyiwa mlangoni pake.

Sasa magonjwa. Hapa ndipo ninapotaka mzazi akae zaidi, kwa kuwa kuna watoto ambao tabia, malezi na maombi havihusiki kabisa na kukesha kwao.

Anzia na mtoto anayekoroma. Watu hucheka mtoto akikoroma, wanasema ameshiba. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku bila mafua, analala mdomo wazi, shingo ameirudisha nyuma, pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, huyo huenda ana nyama za puani au tezi kubwa za koo. Usiku wake umekatwakatwa mara nyingi bila yeye kuamka kabisa, na mchana hatasinzia kama mtu mzima. Atakuwa mkorofi, hatulii, mwalimu wa chekechea atalalamika. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuziondoa kwa upasuaji, na wazazi wengi huona mabadiliko katika wiki chache. Ukibadilisha ratiba ya kulala ya mtoto huyu kwa mwaka mzima hutapata kitu.

Halafu kuna damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta watoto 53 kati ya kila 100 wa Uganda wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Kukosa madini ya chuma kunahusishwa na miguu isiyotulia usiku: mtoto anapiga teke, anasugua miguu kwenye shuka, anaomba akandwe, anageuka kitanda kizima. Kipimo cha damu ni rahisi. Selimundu nayo isisahaulike. Uchunguzi uliofanywa nchini kote mwaka 2014 ulionyesha watoto 13 kati ya 100 wanabeba kinasaba chake, na wenye ugonjwa wenyewe ni pungufu kidogo ya 1 kati ya 100. Mtoto mdogo hajui kusema mifupa inauma. Analia usiku, vidole vinavimba, na nyumbani wanasema amezoea kulia. Mulago ina kliniki ya selimundu.

Pumu hukaza zaidi usiku, hasa katika chumba ambamo sigiri imewashwa ndani au imewekwa mlangoni. Upele na minyoo midogo ya njia ya haja kubwa huwasha usiku. Ukimulika kwa tochi mtoto akiwa amelala, minyoo huonekana kwa macho. Kunguni hawahitaji maelezo kwa mkaazi wa Kampala. Watoto wanaoishi na virusi vya UKIMWI walipata kwa miaka mingi efavirenz, dawa inayojulikana kuleta ndoto kali na usingizi mbovu. Tangu 2021 dolutegravir ya watoto imeanza kuchukua nafasi, baada ya utafiti ambao vituo vya tiba ya UKIMWI vya JCRC, Lubowa, na Baylor, Mulago, vilishiriki. Mzazi wa mtoto huyo asiache dawa kwa sababu ya usingizi. Amweleze anayeitoa.

Na kuna kifafa cha usiku. Mtoto anafanya mwendo ule ule kila mara, upande mmoja unakakamaa, mate yanatoka, ulimi una alama ya meno asubuhi, tukio halizidi dakika mbili lakini hujirudia mara kadhaa usiku mmoja. Cha hatari zaidi ni kile cha mtoto mchanga, mara nyingi kati ya miezi 3 na 12, anayejikunja ghafla na kurusha mikono, mara kumi au ishirini mfululizo, hasa anapoamka. Nyumbani huambiwa anashtuka tu, au tumbo linamsokota. Huo ni ugonjwa wa ubongo unaohitaji daktari wiki hiyo hiyo, maana kila mwezi unaopita unapunguza uwezo wa mtoto kujifunza. Mtoto mwenye usonji pia mara nyingi hulala kwa shida. Wapo wanaosaidiwa na melatonini, lakini kwa kipimo cha daktari, baada ya ratiba kujaribiwa.

Haya yote hayamfai mzazi asipojua jinsi ya kuyafikisha kwa mganga wa kituoni, ambaye ana watu sitini nje. Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, kwa hiyo kizuizi ni muda wa kusikilizwa. "Halali" ni neno moja, na jibu lake litakuwa kipimo cha malaria. Nenda na karatasi. Usiku saba: amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, alikuwaje, alilala mchana kwa muda gani. Ikiwa kuna kukoroma au kukakamaa, washa simu urekodi dakika mbili. Video hiyo ndiyo kipimo cha usingizi ambacho familia yoyote yenye simu inayo, na daktari akiiona hana haja ya kubahatisha.

Kwa ngazi, kituo cha daraja la tatu kinatosha kwa damu, minyoo, upele na masikio. Kwa mpangilio wa Wizara ya Afya, kituo cha daraja la nne, kwa mfano Kisenyi, ndipo anapotarajiwa kupatikana muuguzi wa afya ya akili, na huyo huwa na mazoea ya kuuliza juu ya nyumba na malezi kuliko wenzake. Juu yake wapo madaktari wa watoto wa Kawempe na Mulago. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo mashariki ya jiji tangu 1955, ina huduma ya watoto na vijana, lakini jina lake limekuwa tusi mitaani na wazazi wanaikwepa mpaka mambo yaharibike. Ni hasara yao, maana wataalamu wa tabia za watoto ni wachache Uganda na sehemu kubwa wamekusanyika huko na Makerere.

Tuseme magonjwa yameondolewa. Abaki mtoto mzima asiyetaka kulala, au anayelala ziwani tu, au anayeamka akidai abebwe. Ushauri mashuhuri wa Magharibi, ule wa daktari Richard Ferber wa mwaka 1985, unamtaka mzazi amwache mtoto alie kwa vipindi vinavyorefuka. Unafanya kazi kwa wengi, tusiufiche ukweli. Mapitio ya mwaka 2006 ya tafiti 52 za mbinu za tabia yalikuta zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wakipata nafuu ya wazi. Lakini jaribu mbinu hiyo katika muzigo wa Bwaise: chumba kimoja, pazia katikati, kitanda kimoja na godoro la chini, ukuta unaopitisha kikohozi cha jirani. Saa sita usiku mwenye nyumba atagonga mlango.

Katika mapitio yale yale zimo mbinu zisizohitaji chumba wala kilio. Ya kwanza ni mfuatano uleule kila jioni: kuoga, kula, kupunguza mwanga, wimbo, kulala. Mwaka 2009 Mindell alionyesha kwa mama 405 na watoto wao kwamba wiki mbili tu za mfuatano wa namna hiyo zilipunguza kuamka usiku, na hali ya moyo ya mama nayo ikawa bora. Ya pili ni kumlaza mtoto saa ile anayosinzia kweli, hata kama ni saa nne, kisha kuisogeza nyuma kwa robo saa kila baada ya siku chache. Mtoto anajifunza kwamba kitandani ni pa kulala, si uwanja wa mabishano.

Kampala ina faida moja hapa. Jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Hakuna kiangazi chenye mwanga mpaka saa nne usiku kama London. Lakini Kampala inaiharibu faida hiyo kwa namna zake. Mama anayefanya kazi mjini anakwama Jinja Road na kufika nyumbani saa mbili na nusu, na mtoto hakubali kulala kabla hajamwona. Yaya amemlaza mchana saa tatu nzima ili apige deki. Gari la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa mtoto wa chekechea. Baa ya Kabalagala na kanisa la kesha vinashindana kwa spika, ingawa kanuni za kelele zipo tangu 2003. Mzazi hawezi kuihamisha baa, lakini anaweza kukubaliana na yaya usingizi wa mchana uishe kabla ya saa tisa, na anaweza kuzima televisheni. Hayo mawili pekee yamebadilisha usiku wa nyumba nyingi.

Mama mwenyewe ni sehemu ya uchunguzi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi na baba siku 4. Baada ya hapo anakesha usiku na kufanya kazi mchana. Mama anayelia bila sababu, asiyelala hata mtoto akilala, anayemwona mtoto kama adui, huyo huenda ana sonona, na mtoto hatatulia kabla yake. Uganda ina uzoefu wa kutibu sonona kwa vikundi vya mazungumzo, uliothibitishwa na jaribio la Masaka na Rakai lililochapishwa mwaka 2003, na shirika la StrongMinds limeendeleza njia hiyo mitaani. Waume wasiojua hili wanamnunulia mtoto dawa wakati mgonjwa ni mke.

Nimalizie na watoto ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kulilia: wa familia za Kikongo zilizo Katwe, Makindye na Nsambya, katika nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Mtoto aliyekimbia Bunia au Goma anaamka akipiga kelele kwa sababu anazojua, na mama yake akifika kituoni anakutana na Kiganda. Huyo hahitaji ratiba ya kulala kwanza. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake, na mashirika kama TPO Uganda, au Refugee Law Project ya Makerere iliyoanza 1999, yamefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Aende huko kabla ya duka la dawa.

Kwa Wizara nina ombi moja. Baada ya chanjo za utotoni, mtoto mzima hana miadi na mhudumu wa afya ila siku za afya ya mtoto, mwezi wa Aprili na Oktoba, anapopewa vitamini A na dawa ya minyoo. Muuguzi aongezewe maswali mawili hapo: analalaje, na je, anakoroma? Nawe mzazi usingoje kuulizwa. Ukifika kwenye foleni hiyo na mtoto wako halali, sema, na uwe na karatasi yako mkononi.